Kupanda Stelvio kwa Baiskeli

Maneno yaliyosomwa mbele ya jamaa, usiku wa pili wa mkutano wetu



Kamati imeniomba nizungumze kwa muda wa dakika ishirini juu ya jambo lolote la mahali ninapoishi. Katika mkutano uliopita ndugu yetu wa Toronto alituzungumzia theluji, na ndugu yetu wa Dubai akatuzungumzia bei za nyumba. Mimi sina ujuzi mkubwa wa hayo. Ninachokijua ni baiskeli. Najua wapo miongoni mwenu ambao wameshaanza kucheka, maana wameziona picha zangu: mtu wa miaka 61, mwenye sukari, amevaa suruali ya kubana kama mwanasarakasi. Chekeni, hamna lawama. Hata mke wangu alicheka miaka miwili kabla ya kuzoea.

Bonde ninaloishi linaitwa Valtellina. Liko kaskazini mwa Italia, katika jimbo la Lombardia, na limepakana na Uswisi. Mto Adda hushuka kutoka milima iliyo juu ya mji wa Bormio, ukapita Tirano, ukapita Sondrio na Morbegno, kisha ukamwaga maji yake katika ziwa la Como. Upande wa kaskazini wa mto, ule unaotazama jua, wenyeji wa zamani walijenga kuta za mawe matupu, yasiyotiwa chokaa wala saruji, tuta juu ya tuta hadi macho yakachoka, na juu ya matuta hayo wakapanda mizabibu. Upande wa pili ni misitu na kivuli. Nilifika Morbegno mwaka 1991, na tangu siku hiyo kazi yangu ni kukereza vyuma katika karakana. Yeyote miongoni mwenu atakayekuja, hata kama magoti yake hayana nguvu, ipo njia ya baiskeli ya kilomita 114 inayoufuata mto kutoka Colico hadi Bormio, na sehemu kubwa ya chini yake ni tambarare. Humo utawakuta vikongwe wa miaka themanini wakienda sokoni na vikapu.

Lakini anayetaka kujua kwa nini watu hutoka Japani na Australia wakaja na baiskeli zao katika masanduku, inambidi auache mto na kuinua kichwa. Ipo milima mitatu. Wa kwanza ni Mortirolo. Si mrefu sana, mita 1,852, lakini ukiupanda kutoka kijiji cha Mazzo utakwenda kilomita kumi na mbili na ushei ambazo kwa wastani kila mita mia unazokwenda mbele zinakupandisha zaidi ya mita kumi, na mahali pengine karibu kumi na nane. Hapo baiskeli huenda polepole hata nzi hukutangulia. Wa pili ni Gavia, unaopita mita 2,600, ambako tarehe 5 Juni 1988 mashindano ya Giro d'Italia yalikutwa na tufani ya theluji, na watu waliozoea kuonekana kama majabali wakashuka Bormio wakitetemeka na kulia kwa baridi. Siku ile Mmarekani Andy Hampsten aliivaa fulana ya waridi, ambayo ndiyo alama ya anayeongoza Giro, na hakuivua mpaka mwisho.

Wa tatu ni Stelvio, na huo ndio niliokuja nao usiku huu.

Vijana wetu hupenda kuniambia kwamba mchezo huu si wa watu wetu. Nawajibu kwa mawili tu. Mwaka 2022 kijana wa Eritrea, Biniam Girmay, alishinda siku moja ya Giro katika mji wa Jesi, Mwafrika mweusi wa kwanza kufanya hivyo katika mashindano makubwa ya wiki tatu; mwaka 2024 akashinda siku tatu katika Tour de France na kurudi na fulana ya kijani. La pili linahusu huo Mortirolo wetu. Mwaka 2010 palikuwa na kijana aliyezaliwa Nairobi, aliyejifunza kupanda milima kwa kumfuata Mkenya David Kinjah. Goti lilikuwa likimuuma, akashika pikipiki ya polisi imvute juu, akaonekana, akatolewa mashindanoni. Kijana huyo ni Chris Froome. Mwaka 2018 alirudi Italia akaishinda Giro nzima. Mimi nilikuwa nikikaa kwa saa moja ya gari kutoka mahali alipoishika ile pikipiki, na kila nikipita hapo na mapafu yanawaka moto huitafuta pikipiki hiyo kwa macho.

Turudi Stelvio. Barabara yake haikukusudiwa baiskeli hata kidogo. Baada ya vita vya Napoleon, Lombardia ilikuwa chini ya Dola ya Austria, na serikali ya Vienna ilitaka njia ya kupitisha majeshi na barua kutoka Milano hadi nchi zake za kaskazini bila ya kupita katika nchi ya mtu mwingine. Mhandisi Carlo Donegani alipewa kazi hiyo, akaanza mwaka 1820 na kuimaliza 1825. Aliipeleka barabara hadi mita 2,757 kwa vibarua, sururu na baruti. Upande wa mashariki, unaotokea Prato, aliikunja mara 48, kona juu ya kona, na kila kona ina namba yake. Upande wetu wa Bormio inapita kwanza ndani ya mapango yaliyochongwa katika jabali, kisha inajikunja kwenye ukuta wa mlima uitwao Spondalunga. Njiani zipo nyumba za zamani za watunza barabara, ambao kazi yao ilikuwa kuondoa theluji na kuwaokoa wasafiri. Leo barabara hufungwa majira ya baridi na kufunguliwa kiasi cha mwisho wa Mei au Juni, theluji ikiwa imeridhia.

Giro ilipita juu ya Stelvio kwa mara ya kwanza mwaka 1953. Siku hiyo, tarehe 1 Juni, zilibaki siku mbili tu mashindano kwisha, na Mswisi Hugo Koblet alikuwa akiongoza. Fausto Coppi, ambaye Waitalia hata leo humtaja kwa sauti ya chini kama mtu aliyetoka katika chumba cha pili, alimwacha katika kona za juu, akavuka kileleni peke yake, akateremka Bormio na kuivaa fulana ya waridi. Ilikuwa Giro yake ya tano. Tangu 1965 mahali pa juu kabisa pa kila Giro huitwa Cima Coppi, yaani Kilele cha Coppi.

Mimi, hata hivyo, si Coppi anayenishughulisha. Anayenishughulisha ni mtu aitwaye kwa Kitaliano *gregario*. Kila bingwa ana watu wa namna hii. Gregario hukaa mbele kukata upepo ili bingwa asichoke. Hurudi nyuma kwenye gari kuchukua chupa za maji, huzisokomeza ndani ya fulana mpaka mgongo unavimba, kisha hukimbia kuwafikia wenziwe. Gurudumu la bingwa likipasuka, yeye hutoa la kwake na kubaki kando ya njia akingoja gari. Jioni jina lake halitangazwi. Mmoja wa watu wa Coppi alikuwa Andrea Carrea, mtu aliyenusurika katika kambi ya Buchenwald wakati wa vita. Katika Tour de France ya 1952, siku ya kwenda Lausanne, Carrea alifuatana na kundi lililotoroka mbele, kwa sababu kuwalinda watoro ilikuwa kazi yake. Kundi likafika mbele sana. Walipopiga hesabu, fulana ya manjano ilikuwa yake. Akalia. Hakulia kwa furaha; alimwendea Coppi kumwomba radhi, akiona amevaa nguo isiyo yake. Kesho yake Coppi aliitwaa juu ya Alpe d'Huez, na Carrea akarudi katika chupa zake.

Niliisoma habari hiyo zamani, nikiwa mgeni na Kitaliano changu ni cha kubabia, na nikaifunga gazeti. Nilijua ninamjua mtu huyo. Nitafika huko.

Mwaka juzi walikuja kwangu watoto wawili, mtoto wa dada yetu wa Leicester, ambaye ni binti, na mtoto wa kaka yetu mkubwa wa Maskati. Mwisho wa majira ya joto ipo siku moja ambayo barabara ya Stelvio hufungwa kwa magari na kuachiwa baiskeli, nasi tukaichagua hiyo. Kutoka Bormio ni kilomita ishirini na moja na zaidi, na unapanda mita 1,532. Sisi tuliokulia Unguja, ambako kilima cha Masingini kilitosha kutushusha kwenye baiskeli tukaisukuma kwa mkono! Binti aliaga kwa adabu katika kona ya tatu, "Mjomba, tutaonana juu," akapotea. Kijana wa Maskati alikuwa na nguvu kumzidi. Amejifunza kwenye Jabal al-Akhdar, mlima ambao mashindano ya Tour of Oman huupanda tangu 2011, nao ni mkali kwelikweli. Nilimwambia aende. Akasema, "Naam, Ami," wala hakuenda.

Kwa saa mbili na nusu alikaa mbele yangu kidogo, upande wa upepo. Katika mapango alipiga filimbi ili walio nyuma wajue tupo. Kwenye Spondalunga sukari yangu ilianza kushuka. Mnaougua mnaijua hali hiyo, ulimwengu unakuwa kama unautazama kupitia glasi ya maji. Sikusema neno. Yeye aligeuka, akaniangalia mara moja, akaingiza mkono mfukoni na kunipa tende, moja baada ya nyingine, mpaka nikahesabu saba. Kisha alichukua chupa yangu iliyokuwa tupu, akateremka, akarudi chini kwenye bomba la maji tulilolipita, akapanda tena kona zile zile nilizokuwa nimezilaani. Aliponifikia hakuwa hata anahema. Nilimuuliza nani amemfundisha mambo haya. Akasema hakuna aliyemfundisha, ila baba yake alimpigia simu usiku na kumwambia, "Mdogo wangu hatasema akichoka. Mtazame masikio. Yakiwa meupe, mpe kitu."

Masikio yangu, jamani. Nimeishi na masikio haya miaka sitini bila ya kujua kwamba yana habari ya kutoa.

Tulifika juu. Hewa ya kule ina karibu robo tatu tu ya nguvu iliyo pwani, na mtu akipanda ngazi mbili za mkahawa hupumua kama mhunzi. Wapo wauza soseji, ambazo kwetu si halali. Tulikula mkate na jibini. Binti yetu alikuwa amekwisha kunywa chai vikombe viwili. Kabla ya kuteremka tulinunua gazeti, tukaligawa kurasa na kila mmoja akatia zake kifuani chini ya fulana, kama walivyokuwa wakifanya akina Coppi, maana katika mteremko upepo hukata jasho lililo mwilini na mtu akaugua. Kijana aliniachia kurasa nyingi.

Sasa naomba nirudi nyuma kidogo, kwa sababu habari ya Coppi ina mwisho unaotuhusu sisi watu wa nchi za joto. Mwezi wa Disemba 1959 alikwenda Upper Volta, ambayo leo ni Burkina Faso, pamoja na wapanda baiskeli wengine mashuhuri, kwa mashindano ya sherehe na mawindo. Aliporudi alishikwa na homa. Raphaël Géminiani, Mfaransa aliyelala naye chumba kimoja huko, naye alishikwa na homa. Madaktari wa Ufaransa waliiona malaria ndani ya damu ya Géminiani wakampa kwinini, na inasimuliwa kwamba jamaa zake walipiga simu Italia kuonya. Huko Italia Coppi alitibiwa kwa maradhi mengine. Alifariki tarehe 2 Januari 1960, akiwa na miaka 40. Géminiani aliishi hadi mwaka 2024, akafa na miaka 99.

Mwaka 1996 nilikuja Unguja kumzika mama. Wengi wenu mlikuwapo. Wiki mbili baada ya kurudi bondeni nilipatwa na homa. Nilikwenda hospitali moja, sitaitaja. Walinitazama koo, wakanipa vidonge vya mafua na kuniambia nikapumzike. Siku ya tatu nilikuwa nikizungumza na ukuta. Mke wangu, ambaye wakati ule Kitaliano chake kilikuwa cha dukani tu, alimpigia simu kaka yetu mkubwa Maskati. Kaka hakuuliza maswali mengi. Alimwambia: "Mrudishe hospitali. Waambie neno moja, malaria. Ni neno lao hilo hilo, la Kitaliano, watalifahamu. Wakikwambieni mwende nyumbani, kaeni chini mlangoni." Mke wangu alikaa chini mlangoni, na mtoto mgongoni, mpaka daktari wa zamu ya usiku alipoamrisha nitolewe damu.

Mnaelewa sasa kwa nini sikuweza kulisoma lile gazeti la Carrea mpaka mwisho.

Kaka aliacha skuli darasa la kumi ili mimi niendelee. Alfajiri alikuwa akipeleka boflo kwa baiskeli, kikapu mbele na kikapu nyuma, kutoka Malindi hadi Kikwajuni, na saa mbili yupo bandarini. Alipokwenda Oman alilipa nauli yangu ya kwanza, akamlipia dada yetu chuo, akalipia paa la nyumba ya bibi mara mbili. Katika picha za harusi zetu hayumo, kwa sababu likizo zake alikuwa akiziuza. Haya mnayajua. Lisilojulikana ni hili linalofuata, na nimeiambia kamati kwamba nitalisema au sisemi chochote.

Mwaka 2004 kaka aliniandikia kwamba angependa kuja kuona ninapoishi. Aliandika kwamba angetaka kuiona milima hiyo ambayo nilikuwa nikimtajia kila barua. Nilimjibu kwamba nyumba ni ndogo, na kwamba tungoje. Nyumba kweli ilikuwa ndogo. Lakini mwezi wa Mei mwaka ule ule Giro ilipita bondeni kwetu, na niliwalaza marafiki watatu wa chama cha baiskeli kwenye zulia la sebuleni, siku mbili, na mke wangu akawapikia. Kaka hakuuliza tena. Hakuuliza mwaka uliofuata wala miaka ishirini iliyofuata, na mimi nilikuwa nikijiambia kwamba hakuuliza kwa sababu hataki.

Yupo hapa mbele, safu ya kwanza, anatazama chini na kunifanyia ishara kwa mkono ninyamaze. Kaka, leo sinyamazi.

Magoti yako, Kaka, nayajua, baiskeli sikuahidi. Lakini Tirano, katika bonde letu, ndiko inakoanzia treni nyekundu ya Bernina iendayo Uswisi. Inaondoka mita 429 juu ya bahari na kupanda hadi mita 2,253 kwa magurudumu ya kawaida, bila ya meno wala kamba ya kuivuta, na baada ya kuvuka mpaka inazunguka juu ya daraja la mviringo mpaka abiria wa behewa la mbele anaweza kumtazama wa behewa la nyuma. UNESCO imeiandika njia hiyo katika urithi wa dunia tangu 2008.  Dirisha litakuwa lako. Mimi nitakaa upande wa njia na nitabeba maji.

Mwanangu ameoa na chumba chake ni kitupu. Barua ya mwaliko ya kuombea viza nimekwisha kuiandika na kuitia muhuri. Iko katika bahasha hii, pamoja na tende kumi na mbili zilizobaki katika mfuko wa mwanao, ambazo zimekauka lakini nimezitunza. Naiomba kamati iniwie radhi kwa dakika nilizozidisha. Nashuka nimpelekee.